Kofia ya Wavu Ilikuwa Kichwani Mwangu

Saa saba kasoro dakika kumi, mchana wa Jumamosi, niliinua kifuniko cha mzinga wangu. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu kazi yangu ni saa. Wengi wenu mmeniletea za kwenu pale sokoni Tawa, nikazifungua, nikawaambia mrudi Jumanne. Siku ile nilitazama mkono wangu kabla sijavaa glavu, kwa kuwa kitabu changu kilisema mfugaji makini hujua saa aliyofungua mzinga na saa aliyoufunga.

Saa ya kufunga siijui. Sikufunga.

Ndugu zangu, mwenyekiti aliniomba nisimame hapa nieleze jinsi chama chetu cha nyuki kilivyonishika mkono nilipoanguka. Nadhani alitarajia niseme yale mnayoyajua. Lakini mnayoyajua ni nusu. Nusu ya pili inajulikana na watu watatu: mimi, mke wangu, na mama mmoja ambaye sitamtaja jina, ingawa wengi mtakuwa mmemtambua kabla sijafika mbali. Jana nilikwenda kwake kumwomba ruhusa. Alikuwa anapepeta pojo, na hakuacha kupepeta. Akaniambia, "Sema. Lakini usinifanye mtakatifu mbele ya watu. Nilikulaani wiki nzima." Nilimwahidi kwamba hilo pia nitalisema, na sasa nimelisema.

Mimi sikuingia katika nyuki kwa kutafuta pesa. Shule niliiacha darasa la nne. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, na ufundi wa saa nilijifunza kwa kuharibu saa za watu. Mtu anayekaa kutwa nzima akitazama magurudumu madogo kupitia kioo kilichobanwa jichoni hufika jioni akiona kila kitu kidogo. Nilitaka kitu cha kufanya nje, chenye mwendo wake, kisichonitegemea mimi kukikaza. Basi niliposikia kwamba kuna watu wanakutana kila Jumamosi jioni, soko likiisha, kujifunza kufuga nyuki kwa mizinga ya sanduku, nilikwenda.

Baba zetu walifuga nyuki kwa mwatu, yaani gogo lililotobolewa katikati, wakalitundika juu ya mti mbali na nyumba, kila mmoja na alama ya ukoo wake. Chama kilileta sanduku. Sanduku linaning'inia kwa waya kati ya nguzo mbili, kifuani pa mtu, na ndani yake nyuki hujenga masega kwenye vijiti vilivyopangwa juu. Hata asiyeweza kupanda mti anaweza kulifungua. Nililipenda mara moja. Lilikuwa kama saa: unainua kijiti kimoja, unatazama, unakirudisha mahali pake.

Chama kilikuwa na vazi moja tu la kujikinga: ovaroli, glavu, gambuti, na kofia yenye wavu unaoshuka hadi mabegani. Kila mwanachama aliliazima kwa zamu. Na kulikuwa na masharti mawili ambayo hayakuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyedhani yanahitaji kuandikwa. La kwanza, mzinga huwekwa mbali na njia ya watu. La pili, mzinga haufunguliwi jua likiwa juu. Unangoja lizame. Hivyo ndivyo watu wa huku walivyofanya tangu nyuki wawe nyuki, na sanduku halikubadilisha jambo hilo.

Mimi nilikuwa na kitabu. Nilikinunua Machakos kwa muuza vitabu vikuukuu, kimeandikwa na Mwingereza kwa ajili ya Waingereza, na nilikisoma mwaka mzima, neno kwa neno, nikiandika maana pembeni kwa penseli. Kitabu kilisema: fungua mzinga mchana, siku yenye jua, wakati nyuki wakubwa wameenda mbali kutafuta maua na waliobaki ndani ni wachache na wapole. Nilikiona kitu chenye akili sana. Nikakipeleka kwenye mkutano, nikawasomea, nikawafasiria.

Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akauliza kama nyuki wa kitabu wanajua Kikamba. Mwingine akasema hapana, hao wamesoma, wetu ndio hawajaenda shule. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini nilirudi nyumbani nimeudhika. Nilijiambia kwamba hawa wanafungua usiku kwa sababu baba zao walipanda miti uchi na waliona haya kuonekana. Nilijiambia kwamba siku moja nitafungua mchana, nitaandika kila kitu, na nitawasomea tena.

Mzinga wangu wenyewe niliutundika ukingoni mwa shamba, karibu na njia ya kwenda mtoni. Wanachama waliniambia mara mbili niusogeze. Sikuusogeza, kwa sababu pale niliweza kuuona nikiwa nimekaa kwenye meza yangu ya kazi ya nyumbani. Nilipenda kuinua macho na kuuona.

Jumamosi ile zamu ya vazi haikuwa yangu. Nilimwendea mwanachama anayelitunza, nikamwambia nimeona wavu umechanika na ninaweza kuushona kwa uzi wa nailoni. Alinishukuru. Wavu ulikuwa mzima kabisa.

Chini ya shamba langu, upande wa pili wa njia, aliishi huyo mama. Mume wake alikuwa amefariki. Alikuwa na watoto wanne na punda mmoja. Kabla jua halijachomoza alishuka na punda hadi mtoni, mto wetu wa mchanga mnaoujua, akachimba, akachota maji kwa kikombe, akajaza mitungi minne, akapanda nayo hadi sokoni akauzia hoteli. Akirudi alirudia tena, na tena. Punda yule ndiye aliyewalisha watoto wale na kuwalipia shule. Mchana ule alikuwa amerudi safari ya pili. Alimfunga punda kwenye mti wa mgunga karibu na jikoni, akaingia ndani kuwapikia watoto.

Nilimwona akimfunga. Nataka mjue hivyo. Nilimwona, nikaendelea kuwasha bomba la kuwafukizia nyuki moshi.

Vijiti vitatu vya kwanza viliinuka vizuri. Nyuki walikuwa wachache, kama kitabu kilivyosema, na nilikuwa nikitabasamu ndani ya wavu. Kijiti cha nne kilikuwa na sega lililojaa asali. Sasa, sega la Uingereza sijui linakuwaje mchana. Sega la Makueni mwezi wa kumi, jua likiwa utosini, ni laini kama ugali ambao haujaiva. Nilipoliinua lilikatika karibu na kijiti, likaanguka ndani ya mzinga, likayavunja mengine mawili. Asali ikamwagika juu ya nyuki. Nikasikia sauti yao ikibadilika. Ninyi mnaofuga mnaijua sauti hiyo, na wengine siwezi kuwaeleza. Walitoka kama moshi mweusi. Walinifunika wavu mpaka sikuona mikono yangu.

Niliangusha kijiti. Nyuki watatu walikuwa wameingia kwenye mkono wa ovaroli, pale glavu ilipolegea, wakaniuma. Watatu. Hapo ndipo punda alipoanza kulia.

Nyuki wakikasirika hutafuta kitu cheusi kinachotoa jasho. Punda alikuwa mweusi, ametoka mtoni, na amefungwa. Nilimsikia, nikageuka, nikaona kupitia wavu anazunguka mgunga huku kamba ikizidi kuwa fupi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli ambao sijawahi kuusema nikiwa nimesimama mbele ya watu. Nilikuwa nimevaa ovaroli, glavu, gambuti na kofia ya wavu. Mfukoni nilikuwa na kisu cha kukatia sega. Katika kijiji kizima mtu mmoja tu angeweza kutembea polepole hadi kwa punda yule akaikata ile kamba, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilikimbia upande wa pili. Niliingia nyumbani kwangu, nikafunga mlango, nikaweka komeo.

Nikachungulia dirishani. Nilimwona mama yule akitoka jikoni na panga mkononi, amejifunika leso kichwani. Leso, basi. Alikwenda moja kwa moja kwa punda. Mara ya kwanza panga halikushika kamba, kwa sababu punda alikuwa anaivuta huku na huku. Leso ikaanguka. Alikata mara ya tatu. Punda alikimbia hadi penye ua wa miiba akaanguka, na mama naye akaanguka kati ya jikoni na ghala. Watoto walikuwa wanaita ndani. Majirani walikuja na nyasi zinazowaka na mablanketi yaliyoloweshwa, na hapo ndipo nilipotoka, nikiwa bado nimevaa, nikajiunga nao kana kwamba nimetoka mbali.

Punda alikufa kabla ya jioni. Mama alipelekwa zahanati kwa mkokoteni, akalazwa. Uso wake ulivimba hata hakuweza kufungua macho.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo nilipoanguka hasa. Watu walikuja kunipa pole. Waliona mkono wangu umevimba, wakasema, pole fundi, nyuki hawana rafiki. Kanisani niliombewa. Mke wangu alikuwa sokoni siku ile, naye akanipaka maji ya chumvi. Nilipokea yote. Chama kilikutana kikaamua kuchanga pesa za kumnunulia mama punda mwingine, kila mwanachama sawa na mwenzake, na mimi nikatoa fungu langu kama wengine, nikasema Mungu awabariki kwa moyo huo.

Mama aliukataa mchango. Alituma neno kwamba chama hakikuwepo siku ile, kwa hiyo chama hakina deni lake. Watu walimwona mwenye kiburi. Niliambiwa niende nimbembeleze, kwa kuwa mimi ni jirani na mzinga ni wangu.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, uso bado una mabaka. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nikaanza kumwelezea kuhusu joto na sega. Aliniacha nikafika mwisho. Kisha akasema, "Fundi, ulikuwa umevaa."

Niliondoka, nikasahau hata kuaga.

Baada ya hapo sikuweza kufanya kazi yangu. Nilifungua saa ya mwalimu mmoja nikashindwa kuirudisha. Nilichukua mafuta ya taa nikaenda kuuchoma mzinga, nikaukuta mtupu. Nyuki walikuwa wamehama siku ile ile. Nilibaki nimesimama na chupa ya mafuta mbele ya sanduku lisilo na kitu. Mke wangu alinifuata pale, akauliza nina nini. Nikamweleza yote, pamoja na komeo. Nilidhani atanifariji, maana ni mpole. Badala yake aliniuliza kama najua watoto wa yule mama wako wapi wakati ule. Nikasema shuleni. Akasema, "Wako mtoni. Wanabeba maji ya hoteli mgongoni. Wiki mbili sasa hawajaenda shule."

Kesho yake alfajiri nilifunga mitungi kwenye baiskeli yangu nikashuka mtoni. Mke wangu alitembea nami, ili watu wasipate la kusema kuhusu mwanaume anayemchotea maji mjane. Watu walipata la kusema hata hivyo.

Mnajua wakati ule mwanaume hakuonekana kwenye visima vya mchangani na kikombe. Akina mama waliponiona walinyamaza wote, kisha wakaanza. Mmoja aliuliza kama saa za Tawa zimeisha zote. Mwingine akasema, hapana, fundi amekuja kuutengeneza mto, umesimama tangu mwezi wa sita. Wakanionyesha mahali pa kuchimba, na palikuwa pakavu. Nilichimba hadi kiwiko wakiwa wananitazama. Kisha mzee mmoja wa kike, aliyekuwa amejaza mtungi wake, akanisukuma pembeni kwa goti akasema, "Toka hapo, mwanangu. Maji yako hapa. Na usichote kama unayepima dawa." Akaniachia kisima chake. Siku hiyo nilifikisha mitungi miwili hoteli, mmoja umemwagika nusu. Pesa nilimpa mke wangu akampelekea mama. Alizipokea. Alisema hizo ni za maji.

Watoto walirudi shule Jumatatu iliyofuata. Nilichota maji kila alfajiri, halafu nikafungua meza yangu ya saa. Baada ya mwezi akina mama waliacha kunicheka, ila walipopata mgeni wa kumwonyesha.

Nilikwenda pia mbele ya chama. Nikawaambia kwamba wavu haukuwa umechanika, kwamba nilifungua mchana kwa makusudi, na kwamba mzinga ulikuwa njiani kwa sababu ya starehe ya macho yangu. Hilo mnalikumbuka, wengi mlikuwepo. Mtunza vazi aliinamisha kichwa. Alijilaumu kwa kuniamini, na hilo nalo liko juu yangu. Mwenyekiti wa wakati ule aliuliza, "Sasa mchango wetu ulikuwa wa kumnunulia mama punda, au wa kukununulia wewe usingizi?" Kila mtu akarudishiwa pesa zake palepale. Deni likabaki kwangu peke yangu, na nikatozwa mbuzi, kama wazee walivyofanya zamani kwa mtu aliyeharibu mzinga wa mwenzake. Nilingoja wanifukuze. Mwenyekiti akasema mkutano ujao ni Jumamosi, na mimi ndiye nitakayeleta maji ya kunywa kwa kuwa nimezoea.

Lakini mnaona nilichokiacha. Niliungama saa, mahali na uongo wa wavu. Sikuungama kwamba nilimsikia punda, nikaona, nikakimbia nikiwa nimevaa. Mlinisamehe kosa la mtu mjuaji, na ujuaji ni kosa ambalo mtu huweza kulibeba akiwa ameinua shingo. Lile lingine nilibaki nalo.

Kabla sijafika mwisho, nishukuru, nisije nikashindwa baadaye. Nawashukuru wanachama, mliongoja jua lizame pamoja nami mwaka uliofuata, mkanishika mkono mbele ya mzinga. Namshukuru muuguzi wa zahanati, aliyekesha na mtu ambaye mimi ndiye nilipaswa kukesha naye. Nawashukuru akina mama wa mtoni. Namshukuru mke wangu, aliyekataa kunifariji. Na kama kuna funzo, ni hili, nalisema hasa kwa wanachama wapya mliojiunga mwaka huu: siku ukilivaa vazi la chama, wewe ndiye unayekwenda mahali wengine wanapokimbia. Kama huwezi, usilivae. Mwachie mwingine zamu yako, hakuna atakayekucheka. Na mkiniuliza kama mimi leo ningekwenda, nitawajibu kwamba natumaini hivyo. Sijui. Hakuna siku iliyonipima tena, na ninaogopa kusema zaidi ya ninalolijua.

Nimalizie na malipo.

Nilimwekea mama pesa za punda kidogo kidogo, kutoka kwenye saa. Wakati ule noti ya mia ilikuwa noti ya heshima. Ilinichukua mwaka mmoja na miezi kadhaa. Punda mzuri sokoni alikuwa shilingi mia tano, na hata mama alipomnunua yule wa kwanza alitoa hizo hizo. Mimi nilimpelekea mia saba. Nilijiambia kwamba ni fidia ya maumivu. Niliziweka katika bahasha, nikamkabidhi pale pale kwenye kigoda chake.

Alizitoa, akazihesabu mbele yangu. Alihesabu mara ya pili. Akatenga tano upande mmoja wa paja lake na mbili upande mwingine.

"Hizi ni za punda," alisema. "Na hizi mbili ni za nini?"

Nikasema ni za maumivu, mama.

"Maumivu yangu yamepona. Hizi ni za nini, fundi?"

Alijua, na aliona kwamba mimi pia najua. Alizikunja zile noti mbili akaniwekea kwenye mfuko wa shati langu, taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto.

"Nimepokea za punda," akasema. "Mdomo wangu hauuzwi. Siku utakapotaka kusema, utasema mwenyewe."

Imenichukua miaka tisa. Hakununua punda tena na zile mia tano. Alimpeleka mtoto wake mkubwa sekondari. Punda alimpata baadaye kwa jasho lake. Mimi sikuzitumia zile nyingine, na mweka hazina ataziona sasa hivi mezani, ni noti za zamani lakini bado zinapokelewa. Mwenyekiti hupenda kila anayesimama hapa ataje hesabu yake ya mwisho. Nilizolipa kwa punda ni shilingi mia tano. Nilizotaka kununulia kimya, zikarudi, ni shilingi mia mbili.